Saa 17 hizo si za safari, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jedwali dogo mlilolichapisha kwenye ukurasa wa safari, lile linaloonyesha umbali kati ya viwanja vya ndege vilivyo mbali na muda wa kusafiri kutoka kimoja hadi kingine. Mimi kazi yangu ni kukata tiketi za ndege. Tangu jedwali hilo litoke, wateja wananijia na kipande cha gazeti mkononi, wanakiweka mezani na kuniuliza mbona saa zangu hazilingani na zenu. Nawaeleza mmoja mmoja, lakini wasomaji wenu ni wengi kuliko watakaokaa mbele ya meza yangu maisha yangu yote. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tuanze na mstari wa kwanza: Singapore Changi hadi New York JFK, kilomita 15,300, saa 17. Nilipouona tu nilijua saa hizo zimetoka wapi. Mwandishi wenu amechukua 15,300 akagawanya kwa 900, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya ndege kubwa ya abiria ikishapanda juu, akapata 17 kamili bila baki. Hesabu ni sahihi, ila safari yenyewe haipo. Ratiba ya njia hiyo inakaribia saa 19, na hakuna shirika litakalokuuzia tiketi ya saa 17 kati ya viwanja hivyo viwili, hata ulipe kiasi gani.

Hizo kilomita 15,300 zina maana yake, na ningependa wasomaji waielewe kwa sababu ni jambo zuri kulijua. Mezani kwangu nina tufe la dunia na uzi. Mteja akitaka kujua umbali, namwambia ashike ncha moja ya uzi Singapore, ya pili New York, avute mpaka uzi ukaze. Karibu wote wanatarajia uzi ulale juu ya bahari, kwa kuwa ndivyo ramani ya ukutani inavyoonyesha. Badala yake uzi unapanda moja kwa moja kaskazini, unapita juu ya Asia, unakaribia kabisa Ncha ya Kaskazini, kisha unateremka upande wa pili kupitia Canada. Sababu ni kwamba Singapore iko kwenye longitudo ya 104 mashariki na New York 74 magharibi. Jumlisha, unapata 178, karibu sawa na 180, yaani viwanja hivyo vinatazamana kutoka pande mbili za dunia. Kutoka Changi hadi kwenye Ncha kuna digrii 88 na ushei, na kutoka Ncha hadi JFK kuna digrii 49 na ushei, jumla digrii 138. Kila digrii moja ya latitudo ni kilomita 111. Zidisha, utapata kilomita 15,318. Mwanafunzi mwenye penseli na kipande cha karatasi anaweza kuifanya hesabu hiyo, na akishaifanya hataitazama tena ramani bapa kwa macho yaleyale. Baadhi ya ramani za ukutani zinafuata mtindo alioutengeneza mchora ramani Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia waliohitaji kushika mwelekeo mmoja wa dira. Kwa kazi hiyo ilifaa sana, ila inavimbisha nchi za kaskazini na kuficha njia fupi.

Basi umbali huo wa uzi ndio mfupi kuliko wote, na ndio unaochapishwa. Lakini rubani hafuati uzi. Shirika la Singapore Airlines liliporudisha safari ya moja kwa moja hadi Newark mnamo Oktoba 2018, kwa ndege ya Airbus A350-900ULR iliyotengenezwa kwa safari ndefu, lenyewe lilitangaza kwamba safari ni ya kilomita 16,700 hivi na huchukua hadi saa 18 na dakika 45. Newark na JFK ni viwanja vinavyohudumia jiji moja, na kwa uzi umbali wao kutoka Singapore unakaribia kulingana kabisa. Kwa hiyo kuna kilomita 1,400 hivi ambazo jedwali lenu halizijui. Hizo haziko pale kwa bahati mbaya. Ndege ikitoka Singapore mara nyingi inaelekea mashariki, juu ya Pasifiki, kwa sababu huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Nahodha mwenye mtumbwi hukubali kuzunguka kidogo ili ayafuate maji. Rubani naye hukubali kuongeza kilomita ili abebwe na upepo. Njia ndefu kwenye tufe inakuwa fupi kwenye saa, na inakula mafuta kidogo. Hili peke yake linatosha kuonyesha kwamba kilomita hazigawanywi kwa kasi ukapata safari.

Upepo huohuo ndio unaofanya kwenda na kurudi visilingane, na hapa jedwali limewakosea wasomaji kwa kuweka namba moja tu. Tazama London Heathrow na New York JFK. Umbali ni kilomita 5,500 na kidogo, hauongezeki ukiwa unakwenda wala haupungui ukiwa unarudi. Kwenda New York ndege inapambana na upepo, ratiba inakaribia saa nane. Kurudi London upepo unasukuma, ratiba ni kama saa saba. Na kuna usiku mmoja wa Februari 2020, dhoruba ikivuma juu ya Atlantiki, ambapo ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Namba ya kilomita ilikuwa ileile. Anayesoma gazeti lenu ataona tarakimu moja ya saa, aiamini kwa pande zote mbili, apange kikao cha asubuhi au ahadi ya kumpokea mtu, kisha ashangae.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali haliwezi kulijua hata likikokotolewa kwa uangalifu kiasi gani: anga ina wenyewe. Kutoka Helsinki hadi Tokyo ni kilomita 7,800 hivi kwa uzi, na uzi huo karibu wote unapita juu ya Urusi. Hadi mwanzoni mwa 2022 ndege za Finnair, shirika la Finland, zilikuwa zikiikata njia hiyo kwa saa tisa na zaidi kidogo. Mwishoni mwa Februari mwaka ule, baada ya nchi za Ulaya kuzifungia ndege za Urusi anga yao, Urusi nayo ikawafungia yake. Safari ikawa ya saa kumi na mbili hadi kumi na tatu, mara kwa kuzunguka kusini, mara kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Viwanja havikusogea hata mita moja. Na wazee wa kazi hii wanakumbuka kwamba si mara ya kwanza: enzi za Vita Baridi, ndege nyingi za Ulaya zilizokwenda Japani zilikuwa zikizunguka na kutua Anchorage, Alaska, kuongeza mafuta, kwa sababu Siberia ilikuwa imefungwa kwa wengi. Kila ninapowaona vijana wakiamini kwamba ramani ya safari ni kitu cha kudumu, nawasimulia habari za Anchorage.

Ndege za injini mbili pia zina masharti ya kutokwenda mbali mno na uwanja wa kutua kwa dharura, hasa kwenye bahari za kusini ambako viwanja ni vichache, kama kati ya Sydney na Santiago. Hapo napo uzi hupindishwa. Sitalirefusha hilo.

Linaloniuma zaidi ni saa. Nasema hivyo kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuja na binti yake. Mzee alikuwa anakwenda kwa mwanawe, safari ikimpitisha Los Angeles hadi Auckland. Nilimchapia ratiba, naye akaiweka karibu na macho, akafuatisha kwa kidole: kuondoka Los Angeles tarehe 10 Januari, 22:00, yaani saa nne usiku, kufika Auckland tarehe 12 Januari, 08:00, saa mbili asubuhi. Kidole kikasimama kwenye alama ndogo ya kujumlisha na tarakimu 2 pembeni ya saa ya kufika. Akaniuliza, “Mwanangu, na tarehe 11 itakuwa wapi?”

Nikamwambia, “Mzee wangu, tarehe 11 utaipitia hewani. Hapo katikati ya bahari kuna Mstari wa Tarehe, ukiuvuka kwenda magharibi kalenda inaruka siku moja. Ukirudi utairudishiwa.”

Binti yake hakutabasamu. Alikuwa na gazeti lenu. Alisema, “Mimi nataka saa za kweli, maana baba anajidunga insulini. Nikitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika napata saa 34. Gazeti linasema 11 na nusu. Daktari nimpelekee ipi?”

Ndugu Mhariri, swali hilo lilinikalia moyoni. Namba zote mbili alizokuwa nazo zilikuwa hazifai. Nilichukua kalamu tukafanya hesabu pamoja, kwa njia ambayo ningependa kila msomaji wako aijue. Geuza saa zote mbili ziwe saa za ulimwengu, zile zinazoitwa UTC, ndipo utoe. Januari Los Angeles iko nyuma ya UTC kwa saa nane, hivyo saa nne usiku ya tarehe 10 ni 06:00 ya tarehe 11. Auckland Januari iko mbele kwa saa 13, hivyo saa mbili asubuhi ya tarehe 12 ni 19:00 ya tarehe 11. Kutoka 06:00 hadi 19:00 ni saa 13. Hizo ndizo saa ambazo mwili wa mzee utakuwa umekaa ndani ya ndege, na ndizo ambazo daktari anazihitaji ili apange dozi, kwa kuwa insulini hufanya kazi kwa saa zinazopita mwilini, haijui kalenda ya Auckland. Kwenda mashariki siku hufupika, kwenda magharibi hurefuka, na daktari asipojua kwa kiasi gani anapanga gizani. Nilimwandikia binti yule saa hizo kwenye karatasi, za kila kipande cha safari na za kusubiri uwanjani, akaenda nazo.

Na hata tofauti ya saa yenyewe haitulii. Januari Auckland inaitangulia Los Angeles kwa saa 21. Julai inaitangulia kwa saa 19, kwa kuwa kila upande husogeza saa zake kufuata majira, na majira ya kaskazini ni kinyume cha yale ya kusini. Jedwali lililoandikwa “tofauti ya saa: 21” bila kutaja mwezi litamdanganya msomaji wa Julai.

Ongeza tiketi za usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 14, mtu anatakiwa awe uwanjani usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani jioni ya tarehe 13 awe ameshafunga mizigo. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakifika uwanjani jioni ya tarehe 14, ndege yao imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kulia kwao hakurudishi ndege. Siku hizi tarehe kama hiyo naizungushia wino mwekundu, na kando yake naandika siku ya kutoka nyumbani.

Sasa njoo kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, Heathrow hadi Sydney, kilomita 17,000, saa 19. Saa hizo ziliwahi kutokea: Novemba 2019 Qantas, shirika la ndege la Australia, walirusha ndege ya majaribio kutoka London hadi Sydney bila kutua, ikiwa na watu wapatao hamsini tu ili iwe nyepesi, ikachukua saa 19 na dakika 19. Shirika hilo limeagiza ndege za Airbus A350-1000 za kufanya safari hiyo kwa abiria wa kawaida. Lakini mteja anayenijia mimi ameuziwa miaka yote hii safari yenye kituo njiani, Singapore kwa mfano, na jumla yake hufika saa 22, 23, mpaka 24, na ukibahatisha kituo kirefu inazidi. Safari ya moja kwa moja iliyo karibu na hiyo ni ya Perth hadi London, iliyoanza Machi 2018, kilomita 14,500 kwa saa 17 hivi. Nadhani mwandishi wenu angemsaidia zaidi msomaji kwa kuweka hiyo. Mwaka 1947 Qantas walipoanza kupeleka abiria kutoka Sydney mpaka London kwa ndege ya Lockheed Constellation, safari ilikuwa ya siku nne, na vituo vyake vilitajwa kwa majina: Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo, Tripoli. Abiria alijua atashuka wapi na kupanda wapi. Leo tunampa namba moja ya saa na vituo tunavificha.

Vituo hivyo ndivyo vinavyokula muda. Ratiba huhesabu saa tangu ndege inapoondolewa langoni mpaka inaposimama langoni kwingine, kwa hiyo humo ndani kuna kusubiri zamu ya kuruka na kutambaa chini kuelekea maegesho. Haihesabu saa tatu za kufika mapema, wala foleni ya uhamiaji, wala kungoja sanduku. Kijana mmoja alijinunulia tiketi mbili tofauti mtandaoni, ya kwanza ikimfikisha Tokyo Narita, ya pili ikimwondoa Tokyo Haneda, akaacha saa mbili katikati kwa sababu zote zimeandikwa Tokyo. Alinijia ili nimpangie njia ya kurudi akiwa ameshapoteza safari ile ya pili. Kati ya Narita na Haneda ni kama kilomita 60, ambazo kwa ndege ni dakika chache za hesabu yenu ya kugawanya kwa 900. Kwa mwenye sanduku, pasi ya kugongwa muhuri na treni ya kusubiri, saa mbili hazitoshi. London ni hivyohivyo kati ya Heathrow na Gatwick. Tiketi mbili tofauti zina jambo jingine pia: ukichelewa ya kwanza, mwenye ya pili hana wajibu wa kukungoja wala kukuhamishia.

Ninachoomba kwenu si kazi kubwa. Mkichapisha umbali, andikeni kwamba ni umbali mfupi juu ya tufe na kwamba ndege huenda ikaruka zaidi ya huo. Mkichapisha muda, chukueni kwenye ratiba halisi ya safari inayouzwa, mtaje mwezi, mtaje kama ni ya moja kwa moja au ina kituo na ni kituo gani, na muweke kwenda na kurudi kila moja peke yake. Saa ya kufika iwe ya huko mtu anakofika, na kando yake jumla ya saa zinazopita, ile niliyomwandikia binti wa mzee. Njia ambayo haina ndege ya moja kwa moja isiwekewe saa za moja kwa moja hata kama hesabu inazitoa. Na pale anga inapofungwa au kufunguliwa, jedwali la zamani liondolewe kwenye tovuti yenu, maana wateja wengi wananiletea simu yenye ukurasa wa kabla ya 2022 wakitaka Tokyo ya saa tisa.

Ukurasa wenu wa safari nausoma kila unapotoka na nautegemea. Picha zake naziweka ukutani ofisini. Mkipenda, nitumieni jedwali lijalo kabla halijaenda mtamboni. Nitalipitia mstari kwa mstari nikilinganisha na ratiba za mwezi husika, na nitawarudishia siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Mkata tiketi za ndege